Daktari wa Mtaa Yu Wapi?



Mkaazi wa Jang'ombe anapougua hana safari ndefu kufika Mnazi Mmoja, hospitali iliyopata kuitwa V.I. Lenin. Lakini ukaribu huo huficha upungufu. Leo huonana na daktari asiyemjua. Mwezi ujao, mwengine. Shinikizo la damu na kisukari huhitaji tabibu aijuaye nyumba ya mgonjwa, hata chumvi ya chungu chake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza matibabu bure, na mwaka huo huo madaktari wa Kichina wakaanza kuja. Cuba nayo, tangu 1984, iliwapeleka madaktari wa familia kuishi mitaani.

Kwa nini madaktari hao ni haba, hata Uingereza? Kijana hufundishwa wodini, si mtaani. Akihitimu, cheo na mshahara humngoja kwenye upasuaji. Kenya yenyewe, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005 tu. Kisha nchi tajiri huwachukua wachache waliosomeshwa kwa jasho la wakulima maskini. Huo ni unyonyaji, hata ukiitwa soko huria.

Basi posho ya daktari akaaye mtaani na ilingane na ya mwenziwe wa hospitali kuu.