Kazi ya Oili katika Kiunganishi cha Haidroli: Mfumo wa Pampu Mbili wa Honda CR-V

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lina tatizo lisilolipata gari la kawaida, kwa kuwa linapokata kona magurudumu yake ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma na hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Iwapo ekseli mbili zimefungwa pamoja chuma kwa chuma, kama ilivyo katika Land Rover za zamani dereva anapoingiza gia ya magurudumu manne, tofauti hiyo humalizikia kwenye matairi: katika tope huteleza kidogo na mambo yakaisha, lakini kwenye lami kavu usukani huwa mzito, matairi husagika, na shafti hubeba mkazo usio wa lazima. Kiunganishi cha haidroli, yaani kifaa kinachounganisha ekseli hizo kwa shinikizo la oili pale tu inapohitajika, kiliundwa ili kumwondolea dereva uamuzi wa lini aziunganishe. Mada hii inakichunguza kupitia Honda CR-V, gari lililotoka Japani mwaka 1995 na ambalo matoleo yake ya awali yaliingia kwa wingi Tanzania na Kenya yakiwa yameshatumika.

Katika mwendo wa kawaida gari la matoleo hayo ya awali huvutwa na magurudumu ya mbele, ingawa propela shafti, yaani mhimili mrefu unaopita chini ya gari kuelekea nyuma, huzunguka wakati wote. Mhimili huo hauingii moja kwa moja kwenye difu, ambayo ni mkusanyiko wa gia unaogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, bali huishia kwenye klachi yenye pleti nyingi zilizopangwa kwa kupishana, moja ikishikwa na upande wa propela shafti na inayofuata ikishikwa na upande wa difu. Pleti zisipobanwa hupitana ndani ya oili na nguvu haifiki nyuma; zikibanwa, msuguano huzishikanisha na magurudumu ya nyuma yakaanza kusukuma.

Kinachozibana ni shinikizo linalotokana na pampu mbili ndogo. Ya kwanza huzungushwa na propela shafti, hivyo hufuata kasi ya magurudumu ya mbele, na ya pili huzungushwa na shafti ya difu, hivyo hufuata ya nyuma. Oili inayotoka pampu ya mbele hupelekwa kwenye njia ya kufyonzea ya pampu ya nyuma, na maadamu kasi zinalingana, yote inayotolewa na moja hufyonzwa na nyingine bila shinikizo kujengeka. Magurudumu ya mbele yakianza kuserereka, pampu yao hutoa oili nyingi kuliko ile inayoweza kufyonzwa nyuma, na ziada hiyo, kwa kukosa pa kupita, husukuma pistoni inayobana pleti. Hakuna kompyuta wala swichi inayoshiriki; utelezi wenyewe ndio unaozaa nguvu ya kuumaliza. Pampu ya nyuma ni kubwa kidogo kuliko ya mbele, na kwa ukubwa huo huimeza tofauti ndogo ya kasi inayotokea kwenye kona. Wakati wa kufunga breki, magurudumu ya mbele yakipungua kasi kuliko ya nyuma, shinikizo halipatikani na ekseli hubaki huru. Vali maalumu hulegeza shinikizo oili inapopata joto la kupita kiasi.

Kutokana na utaratibu huu, oili ya kifaa hiki haiwezi kuchukuliwa kuwa kilainishi tu, kwani ndiyo inayobeba amri, inayopoza pleti na inayoamua ulaini wa kushikana kwao. Kosa kubwa la matunzo, na linaloudhi kwa sababu huepukika kwa gharama ndogo, ni kujaza oili ya kawaida ya difu mahali pa ile iliyotengenezwa kwa mfumo wa pampu mbili. Oili isiyofaa, au iliyochakaa na kuwa nyeusi kwa unga wa pleti, hufanya pleti zishike na kuachia kwa mshtuko, na dalili yake ni mngurumo na mtetemo unaosikika nyuma gari linapozungushwa taratibu huku usukani umekatwa hadi mwisho. Wakati wa kuibadilisha, fundi afungue kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa maana nati ya juu ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari halitaweza kuondoka.

Matairi nayo yanahusika. Ya mbele yakiwa yamelika sana na ya nyuma yakiwa mapya, ya mbele huzunguka kwa kasi zaidi safari nzima, na kiunganishi huweza kufanya kazi mfululizo na kupata joto.

Kwa upande wa gereji, ipo hatari ambayo haina budi kufundishwa kwa kila mwanagenzi: gari hili likiinuliwa kwa jeki mbele pekee na kuingizwa gia injini ikiwa inaunguruma, magurudumu ya mbele yatazunguka hewani huku ya nyuma yamesimama, shinikizo litajengeka, na magurudumu ya nyuma yanaweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye jeki.