Namba Hii Imetoka Wapi? Misingi ya Kompyuta kwa Mfanyabiashara

Ipo hoja inayozidi kupata wafuasi, hata ndani ya kamati za mitaala, kwamba wakati wa kufundisha misingi ya kompyuta umepita. Wanaoishikilia wanasema kijana wa leo amekua na simu mkononi, anatuma na kupokea fedha bila kufundishwa na mtu, na programu za biashara zinajumlisha, zinakokotoa kodi na kuchapa risiti zenyewe. Basi, wanasema, somo la kompyuta kwa wanafunzi wa biashara lifupishwe, libaki la kuonyesha jinsi programu mpya zinavyotumika. Mhadhara huu unaipinga hoja hiyo. Ninachodai ni kwamba mfanyabiashara hajaijua kompyuta mpaka aweze kueleza namba iliyo mbele yake kwenye skrini imetoka wapi. Uwezo huo hauji kwa mazoea ya simu, unafundishwa.

Hoja ninayoipinga ina mizizi. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, aliwagawa watu katika makundi mawili: wenyeji wa ulimwengu wa kidijiti, waliozaliwa ndani yake, na wahamiaji waliouingia ukubwani. Mgawanyo huo ulipendwa kwa sababu unamfariji mwalimu na mwajiri vilevile: kama mwenyeji anajua tayari, hakuna wa kulaumiwa kwa kutomfundisha. Lakini unachanganya wepesi wa kutumia chombo na uelewa wa chombo chenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, ilienea haraka kwa kuwa ilimtaka mtumiaji ajue machache sana: menyu, namba ya anayepokea, kiasi na namba ya siri. Sifa hiyo ni ya waliobuni huduma. Haituambii chochote kuhusu anachokijua mteja. Mwenye duka anayetazama salio la simu jioni anaona namba moja, na ndani yake mna mtaji, faida, malipo ya mteja ambaye hajachukua mzigo wake, na pengine ada ya shule ya mtoto. Salio hilo ni sahihi hadi shilingi ya mwisho. Kosa ni kulisoma kama faida, na hakuna wepesi wa vidole utakaolisahihisha kosa hilo.

Misingi ninayoitetea ni michache na inafundishika. Kwanza, kompyuta huhifadhi kila kitu kwa aina yake: namba, maandishi, tarehe. Karani wa duka la jumla Kariakoo akiandika bei kwenye lahajedwali kama tunavyoiandika siku zote, 25,000/=, kompyuta haioni namba pale; inaona maandishi. Fomula ya kujumlisha itairuka seli hiyo kimyakimya na kuleta jumla safi kwa macho, pungufu kwa shilingi 25,000, bila onyo lolote. Akiandika namba ya simu ya mteja inayoanza na sifuri, sifuri hupotea, kwa kuwa safari hii kompyuta imeichukulia kuwa namba ya kuhesabia. Akiandika 03/04, kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma tarehe 4 Machi, na deni linalotakiwa kulipwa Aprili litahesabiwa kuwa limechelewa. Pili, fomula hufanya kazi katika eneo ililotajiwa, hata kama mwandishi wake alikusudia eneo jingine. Tatu, faili lina mipaka, lina matoleo na lina mahali lilipohifadhiwa. Asiyejua nakala ipi ndiyo ya mwisho hana hesabu za kuonyesha. Mambo haya hayajifunzwi kwa kubonyezabonyeza, kwa sababu anayekosea hapati dalili yoyote kwamba amekosea.

Ushahidi ninaouona kuwa bora kuliko wote unastahili nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa hasi asilimia 0.1, yaani uchumi wao ulisinyaa. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu kutetea sera za kubana matumizi. Baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alijaribu kuzirudia hesabu hizo kama zoezi la darasani. Namba hazikutoka. Aliwaomba waandishi lahajedwali lenyewe, nao wakampa. Ndani yake alikuta fomula ya wastani imekomea mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zimeachwa nje. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walichapisha hesabu mpya: ukuaji wa wastani ulikuwa asilimia 2.2. Haki inataka niongeze kwamba fomula ile peke yake ilichangia sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa ilitokana na data zilizoachwa na jinsi nchi zilivyopewa uzito, na waandishi walikiri kosa la fomula huku wakiutetea msimamo wao kwa jumla. Hata hivyo, mjadala wote huo ulianza pale mtu mmoja alipofungua seli akasoma fomula iliyomo. Kitendo hicho hakihitaji shahada ya uzamivu. Mwanafunzi wa ngazi ya cheti anaweza kufundishwa kukifanya. Reinhart na Rogoff waliujua uchumi kuliko wengi wetu, na umahiri wao haukutosha kuilinda namba ambayo kosa lake halikugunduliwa kwa miaka mitatu.

Wenye mashine za kisasa na wataalamu wa kutosha hawana kinga dhidi ya kosa la msingi. Oktoba 2020 ilibainika Uingereza kwamba watu 15,841 waliothibitishwa kuwa na virusi vya Korona hawakuingia kwa wakati katika takwimu za taifa, kwa kuwa majibu ya maabara yalipakiwa kwenye faili la muundo wa zamani lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Nasi tuna somo letu. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya jaribio la kuzihamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kushindwa, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Waliopiga marufuku waliiona mashine kuwa chanzo cha hasara. Wanaotaka kufuta misingi leo wanaiona kuwa chanzo cha wokovu. Pande zote mbili zimeikabidhi mashine wajibu wa mtu anayeitumia.

Nitaambiwa kwamba mama lishe na mwenye genge hawahitaji lahajedwali. Nakubali kwamba hawahitaji programu yenyewe leo; wanahitaji fikra iliyo ndani yake, kwamba kila muamala una tarehe, aina, kiasi na mhusika, na kila kimoja kina safu yake. Nitaambiwa pia kwamba akili mnemba sasa inaandika fomula kwa kuombwa tu. Ni kweli, na hiyo inaongeza uzito wa hoja yangu: fomula sahihi juu ya safu iliyojaa 25,000/= bado italeta jumla ya uongo, na aliyeiomba hataweza kulijua hilo asipojua cha kukagua. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la muda na gharama, kwani vyuo vingi vina kompyuta chache na wanafunzi wengi. Hapo ndipo ninaposhikilia pendekezo ambalo wenzangu wengi wanaliona la kizamani: kozi ianzie kwenye daftari. Mwanafunzi achore safu kwa rula, aandike mauzo ya wiki moja, ajumlishe kwa mkono, kisha aijenge hesabu ileile kwenye lahajedwali tupu, bila kiolezo, mpaka jumla mbili zilingane. Daftari ni rahisi kununua, na mwanafunzi anayeingia maabara akiwa na jumla yake tayari atagundua kosa ambalo mwenzake asiye nayo hataliona.

Kwa hiyo napendekeza mtihani wa somo hili ubadilike. Tusiwatahini wanafunzi kwa majina ya menyu, ambayo hubadilika kila toleo jipya linapotoka. Mtahiniwa apewe faili la mauzo lenye makosa matatu yaliyofichwa, aeleze kwa maandishi kila jumla imetokana na seli zipi, na aonyeshe palipoharibika. Atakayeweza hilo atajifunza programu yoyote atakayoikuta kazini, na mwajiri atakuwa na sababu ya kumkabidhi hesabu zake.