Mpagazi, Abiria na Kizunguzungu cha Safari

Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alitembea zaidi ya kilomita 800 kati ya Bagamoyo na Tabora, begani mzigo wa kilo 30 na ushei. Alisumbuliwa na homa, kiu na ndui. Kutapika kwa sababu ya mwendo hakukuwa shida yake, na katika sababu ya hilo ndimo tiba ilimo.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo yanachelewa kidogo, na ubongo unapata habari. Macho yanaleta habari zake, misuli nayo zake. Kwa anayetembea habari zote zinaafikiana, tena ubongo wenyewe ndio ulioamuru hatua. Abiria anayesoma simu ndani ya basi hana bahati hiyo: sikio linasema gari limekata kona, macho yanasema kila kitu kimetulia. Mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi linamtoka, konda anaombwa mfuko. Dereva yuko salama, maana anaijua kona kabla ya kuifikia.

Kwamba chanzo kimo ndani ya sikio, kulionekana zamani: mwaka 1882 William James wa Marekani aliandika kuhusu viziwi 519 waliozungushwa; 186 kati yao hawakusikia kizunguzungu hata kidogo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Aliyekuwa akitembea akageuka wa kubebwa. Basi abiria na ajifanye dereva: akae mbele, atazame mbali barabarani, aweke simu mfukoni, ale kidogo kabla ya kuondoka. Melini Ziwa Tanganyika, akae katikati ya chombo, ambako mrusho ni mdogo, na macho ayaelekeze kwenye upeo wa maji.

Tangawizi inastahili heshima yake. Jaribio la mwaka 1982 la kiti kinachozunguka liliipa ushindi dhidi ya dawa ya dimenhidrineti, ingawa majaribio ya baadaye hayakukubaliana. Nguvu ya dawa hiyo dhidi ya kichefuchefu cha safari iligunduliwa kwa bahati huko Baltimore: mama mjamzito aliyepewa kwa ajili ya vipele aliona kuwa tramu haimchefui tena. Humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari. Ukishaanza kutapika umechelewa. Inaleta usingizi, kwa hiyo dereva wa basi, wa bodaboda na mwanamichezo anayeingia uwanjani wasiiguse.

Mwanasarakasi hujizoeza kuzunguka kidogo kidogo mpaka ubongo uzoee. Mkimbiaji kisa chake ni kingine: akisimama ghafla baada ya utepe, damu inabaki miguuni na kichwa kinakuwa chepesi. Makocha wa shule zetu wawatembeze vijana dakika chache kwanza.

Na kizunguzungu kikimjia mtu ghafla bila safari yoyote, pamoja na ulimi mzito, mkono kulegea au sikio kuziba, tangawizi iachwe jikoni, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.