Hotuba juu ya Faida ya Kutembea kwa Wenye Kisukari na Shinikizo la Damu

(Ilisomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twataka kusema nanyi juu ya jambo lisiloandikwa katika hesabu za fedha, ijapokuwa ndilo linalozila fedha zetu. Sisi tutunzao daftari za chama twapokea maombi ya msaada kila mwezi: huyu amepooza upande mmoja, yule amekatwa mguu kwa kidonda kisichopona, mwingine figo zake zimechoka. Ukiuliza chanzo, mara nyingi huambiwa ni kisukari, au shinikizo la damu, au yote mawili pamoja. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hapa Kenya karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Twaomba ruhusa ya wazee tuseme neno gumu kidogo. Desturi yetu ni kumpa mzee kiti. Akiingia, kijana huinuka, akitaka maji, huletewa, akishika jembe, hupokonywa kwa upole na kuambiwa, "Baba, umekwisha fanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Desturi hiyo ni njema, wala hatukuja hapa kuivunja. Lakini daktari akisema kwamba mzee ana kisukari, sisi watoto wake huizidisha heshima hata ikawa kifungo. Mzee mmoja wa kwetu, aliyezoea kwenda shambani kila alfajiri, alipopimwa na kukutwa na ugonjwa huo, wanawe walilifungia jembe lake ghalani. Baada ya miezi michache sukari yake ilikuwa juu kuliko kwanza, ingawa alimeza vidonge vyake bila kukosa, na magoti yake yakakaza. Akatuambia, "Mliniondolea jembe, mkaniongezea ugonjwa." Nasi tulikuwa miongoni mwa waliomshauri akae. Hilo twalikiri mbele yenu.

Sababu yake si ya uchawi. Misuli ya mwili ikifanya kazi hutumia sukari kama jiko litumiavyo kuni. Mtu atembeapo, misuli ya miguu huivuta sukari kutoka katika damu, hata kama insulini ya mwili wake ni dhaifu, na faida hiyo huweza kuendelea siku moja au mbili baada ya kupumzika. Ndiyo maana wenye kisukari hushauriwa zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Vilevile mishipa ya damu hulegea, moyo ukasukuma damu pasipo kushindana nayo, na mtu akidumu kwa majuma kadhaa shinikizo lake huelekea kushuka.

Wala sisi makarani tusidhani kwamba maneno haya ni ya wazee peke yao. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hata katika posta, wale waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na afadhali kuliko makarani waliokaa mezani. Na mezani ndipo tulipo sisi.

Je, mtu afanye mazoezi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lawashauri watu wazima, pamoja na wenye kisukari na shinikizo la damu, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano tu. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu aweza kuzungumza na mwenziwe, lakini hawezi kuimba. Si lazima kuwa na uwanja wala mavazi ya michezo. Kulima ni mazoezi, na kufagia ua ni mazoezi. Apandaye matatu ashuke kituo kimoja kabla ya chake. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika kumi, maana haba na haba hujaza kibaba. Tena mara mbili kwa juma misuli itiwe nguvu: kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi kwatosha kwa kuanzia. Hapo hata kiti chetu kitakuwa na faida.

Lakini dawa yoyote ina masharti yake, na hii pia. Kwanza, kutembea hakuchukui mahali pa vidonge wala sindano. Mtu asiache dawa kwa kuwa ajisikia nafuu. Kuzipunguza ni kazi ya daktari. Pili, apimwe kabla ya kuanza. Na aliye na shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi amwone daktari kwanza. Tatu, atumiaye insulini, au vidonge viwezavyo kushusha sukari mno, asitoke na njaa. Kipimo chake kikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza, na sukari iwe mfukoni mwake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona kizunguzungu, asimame pale pale, anywe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Nne, kisukari huweza kuua hisia za miguu. Kwa hiyo avae viatu visivyombana, na kila jioni aitazame miguu yake hata nyayo. Tano, asiinue mzigo mzito huku amezuia pumzi, maana shinikizo hupanda ghafula. Na mtu akisikia maumivu ya kifua, asijikaze kiume. Asimame, apelekwe hospitali upesi.

Yule mzee wetu alirudishiwa jembe lake kwa idhini ya daktari. Hatusemi kwamba amepona, kwa kuwa bado ameza vidonge vyake. Lakini vipimo vyake vimeshuka, na wajukuu walalamika kwamba awaamsha mapema mno.

Basi twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, wanachama watembee pamoja nusu saa kila Jumamosi asubuhi, wazee wakitangulia na vijana wakifuata mwendo wao. La pili, chama kinunue kipimo cha shinikizo la damu, na muuguzi aalikwe kutupima katika kila mkutano, kabla ya kumbukumbu kusomwa. La tatu ni letu sisi vijana: tuendelee kumpa mzee kiti, lakini tumpe na mkono wa kuinukia.

Chama chetu hakijakosa kumsindikiza mwanachama aliyefariki, hata akiwa mwenye kwao mbali, na gharama yake mwaijua. Twaomba sasa tuanze kusindikizana tungali hai.