Taka Zilizochomwa Zimekwenda Wapi?



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya uchafuzi wa hewa na uondoaji wa taka. Mimi si mkemia. Ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni maneno. Kwa hiyo nitayatazama mambo haya kwa upande wa maneno tunayoyatumia, maana nimekwisha kuona mara nyingi kwamba neno likiwa bovu, na kazi inayofanywa kwa neno hilo huharibika.

Nianze na neno ambalo wengi wenu mmewahi kuliandika au kulitilia saini. Siku ya usafi wanafunzi hufagia uwanja, hukusanya majani, karatasi, vifuko vya plastiki na chupa, wakavirundika nyuma ya madarasa na kuvitia kiberiti. Mwalimu wa zamu huandika katika daftari lake: "Taka zimeteketezwa." Mwalimu Mkuu huipitisha taarifa hiyo, na Afisa Elimu huipokea bila swali. Sasa, kuteketeza ni kumaliza kabisa, kisibaki kitu. Lakini taka zile hazikuteketea. Zilipungua ardhini zikaongezeka hewani. Yaliyobaki ni majivu. Kilichoondoka kimeingia madirishani mwa darasa, na vifuani mwa watoto wale walioamriwa kusimama karibu na moto kuulinda usisambae.

Kimeingia nini hasa? Sisi husema "moshi", na mazungumzo yakaishia hapo. Katika neno hilo moja mtaalamu huona vitu viwili ambavyo havifanani.

Cha kwanza ni chembe: masizi, majivu mepesi na matone madogo ya lami. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, tukakohoa tukazitema. Zenye kuleta balaa ni zile ndogo, ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa mikroni 50 hadi 70 hivi. Basi chembe ishirini za namna hiyo zaweza kusimama bega kwa bega juu ya unywele mmoja. Chembe hizo hupita pua, koo na mirija ya pumzi, zikafika katika vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Mwaka 2021, baada ya kuona madhara yake, lilishusha kipimo hicho hadi 5.

Cha pili ni gesi, ambazo kwa kawaida hatuzioni. Hapa, ndugu zangu, neno "moshi" limekwisha kutuulia watu. Kila majira ya baridi katika nyanda za juu sisi waandishi hupokea habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango na madirisha yamefungwa, nao wakakutwa asubuhi wamekufa. Mimi mwenyewe nimewahi kuhariri habari ya namna hiyo na kuandika kwamba marehemu waliuawa na "moshi wa mkaa". Nilikosea, na kosa langu halikuwa dogo. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana. Ndiyo sababu mama mwenye nyumba huliwasha jiko nje, akangoja moshi uishe, kisha akaliingiza ndani kwa moyo mkunjufu. Amefuata barabara kile alichofundishwa na magazeti: moshi hakuna, hatari hakuna. Kumbe muuaji ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, inayotoka pale mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu kupita oksijeni, na mtu husinzia asiamke tena.

Tena siku hizi limezagaa neno "hewa ukaa", hasa kwa sababu ya biashara yake ya misitu. Hewa ukaa ni kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tunapopumua na ambayo majani huitumia kujitengenezea chakula. Kuongezeka kwake kunapasha dunia joto, na hilo ni jambo kubwa. Lakini si gesi ile ya jikoni. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba gesi zote zitokazo katika mkaa ni "hewa ukaa", na kwamba dawa yake ni kupanda miti, hakufundishwa kufungua dirisha.

Kwa plastiki nitakuwa mfupi. Plastiki zenye klorini, kama vipande vya mabomba na ngozi ya nyaya za umeme, zikichomwa kwa moto mdogo wa jalalani huzaa dioksini, sumu ambayo hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi na inajulikana kuleta saratani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeutaja uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa mmoja wa vyanzo vyake. Ili neno "kuteketeza" lipate haki yake hapana budi kuwe na tanuri. Sheria za nchi za Ulaya hutaka gesi za tanuri la taka zikae katika joto lisilopungua nyuzi 850 za Selsiasi kwa muda usiopungua sekunde mbili, kisha zichujwe kabla ya kutolewa nje. Kiberiti cha mwalimu wa zamu hakifiki huko.

Nchi zenye viwanda nazo zilidanganyika kwa maneno. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi, na mitambo ya umeme ikajengewa dohani ndefu. Hewa ya miji yao ikawa nafuu, wakahesabu wameshinda. Lakini gesi ya salfa haikuwa imeondolewa. Ilikuwa imeinuliwa tu. Upepo uliichukua hadi Uswidi na Norwei, pamoja na ile ya nchi nyingine za Ulaya, ikashuka na mvua kama tindikali, na samaki wakafa maziwani. Dohani ndefu ni chombo cha kuhamisha. Chombo cha kudhibiti ni kile kinachoukamata uchafu kabla haujatoka: mifuko ya kitambaa inayochuja vumbi katika kiwanda cha saruji na kulirudisha tanurini, au mnara wa kuoshea moshi kwa maji ya chokaa. Katika mnara huo salfa huungana na chokaa ikawa jasi, na jasi hutumika kutengenezea saruji na mbao za dari. Hapo twaweza kusema kwa haki kwamba uchafu umetibiwa, kwa kuwa umegeuka kitu kingine na tunajua kiko wapi.

Tusiwacheke Waingereza, maana sisi tumefanya hayo hayo kwa malori. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi, nzi na harufu ya jalala la Jiji, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988. Walishinda. Halmashauri ya Jiji ikaomba kuongezewa muda, ikaomba tena, hata mahakama ikakataa, ikikumbusha haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Katika taarifa za ofisini safari zote hizo huitwa "uondoaji wa taka". Mwananchi wa Vingunguti angekuwa na haki ya kuuliza: ziliondolewa kwa nani, zikaletwa kwa nani?

Wazee mliopo hapa mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio. Watu walichimba vyoo kwa sababu walielezwa kwa lugha yao kitu fulani hutoka wapi, hupita wapi, humwingia mtu vipi. Kichocho kilipewa njia yake, malaria yake. Hewa bado hatujaipa njia yake. Tunayo sheria ya mazingira ya mwaka 2004, na tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku. Lakini afisa anayeisoma sheria neno kwa neno hawezi kumsaidia mama mwenye jiko la mkaa kama hana maneno ya kumweleza.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na ni la kazi. Majani na mabaki ya chakula yasichomwe. Yafukiwe yawe mboji ya bustani ya shule, kwani hayo ndiyo sehemu kubwa ya taka zetu. Majiko yapikiwe mahali penye kupitisha hewa, na watoto waambiwe kwamba mkaa usio na moshi ndio wa kuogopwa usiku. Na ikiwa shule yenu bado haina namna nyingine, mkalazimika kuwasha moto ule wa Ijumaa, basi mwalimu wa zamu asiandike kwamba taka zimeteketezwa. Aandike hivi: "Taka zimechomwa saa nne asubuhi. Moshi umeelekea darasa la tatu." Nami ningependa kumwona Afisa Elimu atakayeipokea taarifa hiyo bila swali.

Ndugu Mwenyekiti, nangojea maswali.