Majirani Wawili na Chama cha Kujiendeleza

Marekani na Mexico ni majirani wenye mpaka wa zaidi ya kilomita 3,000. Mengi huvuka mpaka huo, na miongoni mwayo kilivuka chama kilichoitwa NXIVM, kilichoanzishwa karibu na mji wa Albany, jimbo la New York, mwaka 1998. Chama hicho kiliuza mafunzo ya kujiendeleza: kushinda woga, kuwa na nia thabiti, kufanikiwa katika kazi. Watu wapatao 16,000 waliyapitia, wakiwamo watoto wa matajiri wa nchi zote mbili. Wapo waliosema kwa dhati kwamba walifaidika, nasi hatuna sababu ya kuwaita waongo.

Je, kilikuwa cha manufaa au cha madhara? Anayelitafuta jibu katika madaftari ya masomo hatalipata. Na atazame mlangoni, kwa yule anayetaka kutoka. Msichana mmoja wa Mexico alimpenda mwanamume asiyekuwa kiongozi wa chama, Keith Raniere. Kwa kosa hilo alikaa chumbani karibu miaka miwili, kisha akapelekwa hadi mpakani na kuachwa upande wa kwao bila hati zake. Mwaka 2015 kikaundwa kikundi cha siri cha wanawake. Walioingia waliweka rehani picha zao za utupu, au maneno ya kuwaaibisha jamaa zao, na baadhi yao wakapigwa chapa mwilini kwa moto. Ni uhuru gani huo unaodai rehani?

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu ninyi askari. Gazeti la New York Times liliandika Oktoba 2017 kwamba wanawake waliokwenda polisi wa jimbo waliambiwa hapakuwa na kesi, kwa kuwa waliridhia wenyewe. Pengine afisa yule hakuwa mzembe. Alisikia neno ridhaa, akaona kazi imekwisha. Lakini mtu ambaye aibu yake imefungiwa katika kabati la mwingine, anaridhia nini?

Wapelelezi wa serikali kuu waliliuliza swali hilo. Machi 2018 polisi wa Mexico walimkamata Raniere katika nyumba ya kifahari karibu na Puerto Vallarta, akarudishwa Marekani. Juni 2019 alipatikana na hatia mahakamani Brooklyn, na Oktoba 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka 120. Miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele yake alikuwamo yule msichana aliyeachwa mpakani.