Pikipiki Kuukuu Inayoshtuka: Maneno kwa Waendeshaji wa Ahero



Kila asubuhi pale Ahero, mahali ambapo njia ya Kisii huachana na njia kuu iendayo Nairobi, waendesha pikipiki husimama wakingoja abiria. Wengine hupeleka watu Awasi, wengine Katito, na wengine huingia katika mashamba ya mpunga kuchukua magunia. Nyingi za pikipiki hizo si changa. Zimekwisha kwenda safari nyingi katika tope jeusi la Uwanda wa Kano, na mwenyewe huijua mashine yake kwa sauti kama mchungaji amjuavyo ng'ombe wake.

Kuna ugonjwa mmoja unaozipata sana mashine hizi kuukuu. Dereva akiongeza mafuta, husikia mgongano chini ya miguu yake, na pikipiki huruka mbele. Akipunguza mafuta, husikia mgongano tena. Akibadili gia, mashine hushtuka hata abiria akagonga mgongo wa dereva. Wengi husema papo hapo, "Giaboksi imekwisha," wakaanza kukopa fedha ili injini ifunguliwe. Lakini aghalabu giaboksi haina kosa lo lote, na fedha hizo hupotea bure.

Yafaa kwanza kufahamu njia ya nguvu. Nguvu hutoka katika injini, ikapita katika klachi, kisha gia, kisha sproketi ndogo ya mbele. Kutoka hapo mnyororo huivuta sproketi kubwa ya nyuma, na sproketi hiyo huusukuma mgurudumu kwa kupitia vipande vya mpira vilivyomo ndani ya habu. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, ulegevu wote hujumlishwa pamoja, na dereva hupata mshtuko mmoja mkubwa. Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza nje, mahali penye gharama ndogo, akaenda ndani polepole.

Jambo la kwanza ni mnyororo. Mnyororo wa namna hii, wenye vigurudumu vidogo katika kila pingili, ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Kazi yake ni njema, lakini hautaki mchanga. Tope la Kano likikauka ndani yake husaga pini zake, na mnyororo hurefuka. Mwenye pikipiki na azime injini, aweke gia huru, kisha auinue na kuushusha mnyororo wa chini kwa kidole, katikati ya sproketi mbili. Katika pikipiki nyingi ndogo za abiria, mchezo wake wapasa kuwa milimita 20 hadi 30, yaani kadiri ya inchi moja. Kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kufuatwa. Imempasa pia kuuzungusha mgurudumu na kupima mahali pengi, maana mnyororo uliochakaa hukaza hapa na kulegea pale. Kipimo hukatwa mahali pale unapokaza zaidi.

Hapa wengi hukosea. Kwa kuchukia kelele, huukaza mnyororo mpaka ukawa kama uzi wa nyatiti. Abiria akiketi, mgurudumu wa nyuma hupanda na mnyororo hukazwa zaidi. Ukiwa hauna nafasi, huziumiza beringi na sproketi, na mwisho huweza kukatika. Mnyororo uliokatika ukijisokota katika mgurudumu wa nyuma huufunga ghafula. Juu ya kiti cha nyuma huenda ameketi mama anayempeleka mtoto kwa daktari. Ndiyo maana jambo hili si la kelele tu.

Wakati wa kukaza, nati ya ekseli hulegezwa kwanza, kisha skrubu za pande mbili huzungushwa kwa kiasi kilicho sawa, zikilinganishwa na alama zilizochorwa. Upande mmoja ukizidi, mgurudumu hukaa upogo na mnyororo huyala meno ya sproketi. Nati ya ekseli ikazwe tena barabara, na breki ya nyuma ijaribiwe kabla ya kuondoka. Klipu ya kiungo cha mnyororo iwekwe upande wake uliofungwa ukielekea uendako mnyororo, isije ikachomoka njiani.

Jambo la pili ni sproketi. Meno yake yakiwa yamepinda kama kulabu, au mnyororo ukivutwa nyuma ya sproketi kubwa ukaachana na jino mpaka nusu yake ionekane, kukaza hakufai tena. Mnyororo na sproketi mbili hubadilishwa pamoja, maana mnyororo mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi.

Jambo la tatu husahauliwa sana: mipira ya habu. Mwenyewe na aushike mgurudumu usiende, kisha aitikise sproketi kubwa mbele na nyuma. Ikicheza sana peke yake, mipira imekwisha, nayo mipira mipya haina gharama kubwa. Mafundi wengine huingiza vipande vya tyubu kuukuu kuijaza nafasi. Jambo hilo husaidia kwa muda, lakini si dawa ya kudumu.

Jambo la nne ni klachi. Mkono wa klachi wapasa kuwa na mchezo wa milimita 10 hadi 20 hivi kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Waya ukilegea kupita kiasi, klachi haiachi kabisa, na gia huingia kwa kishindo. Waya ukikazwa mno, klachi huteleza na nguvu hupotea. Oili nayo ichunguzwe, maana katika pikipiki nyingi oili moja hulisha injini, gia na klachi. Oili iliyochakaa huzifanya gia kuwa nzito, na oili ya motakaa huweza kuitelezesha klachi. Itumiwe ile iliyotengenezwa kwa pikipiki.

Ikiwa hayo yote yamefanywa na gia bado zinaruka au kutoka zenyewe, hapo ndipo fundi ana haki ya kufungua injini.

Baki ni mkono wa dereva mwenyewe. Apunguze mafuta, avute klachi mpaka mwisho, abadili gia, kisha aiachie polepole. Tena asipakie kupita kiasi. Sheria ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, na mnyororo nao hauna nguvu zisizo na mwisho. Baada ya mvua, mnyororo uoshwe kwa mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa imezimwa, ukaushwe kwa kitambaa, kisha utiwe oili nzito.

Kazi hii yote huchukua muda usiofika saa moja kwa juma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye kuifanya hatatoa karo ya mwanawe kununua giaboksi asiyoihitaji, na abiria wake watashuka salama, wakamngoja tena kesho.